Kuuliza Habari za Chakula Mgahawani kwa Kiitaliano: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili anayekwenda Italia kwa masomo, kazi, biashara au matembezi, na ambaye angependa kujua kilichomo ndani ya sahani kabla hajaitia mkono. Vitabu vingi vya misemo humfundisha msafiri majina ya vyakula. Sisi tumeanzia kwenye maswali, kwa sababu majina ya vyakula vya Kiitaliano hayasemi kila kilichomo, na chakula chenye jina moja huweza kupikwa kwa namna tofauti kutoka mji mmoja hadi mwingine. Pale inapohitajika, matamshi ya maneno yameandikwa kwa tahajia ya Kiswahili.

Je, ni lazima nijue Kiitaliano ili nihudumiwe?

Si lazima. Katikati ya Roma, Venice au Florence wahudumu wengi wanajua Kiingereza, na menyu nyingi zimetafsiriwa. Tatizo ni kwamba tafsiri hizo mara nyingi ni fupi mno: hutaja tambi na nyanya, zikaacha kutaja kipande cha nyama ya nguruwe kilichokaangiwa kitunguu. Ukitoka nje ya maeneo ya watalii, hata tafsiri hiyo huenda usiipate, na menyu yenyewe huenda ikawa imeandikwa kwa chaki ubaoni au ikatajwa kwa mdomo tu na mhudumu aliyesimama mbele yako.

Matamshi yana ugumu gani kwa mzungumzaji wa Kiswahili?

Ugumu ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Irabu zinaandikwa tano kama zetu, maneno mengi huishia kwa irabu, na mkazo mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo katika Kiswahili. Pale mkazo unapoangukia irabu ya mwisho, huwekwa alama juu ya irabu hiyo, kama katika «ragù» na «caffè».

Kinachohitaji kukumbukwa ni thamani ya herufi chache. Herufi c ikifuatwa na e au i hutamkwa kama ch yetu, ilhali ch ya Kiitaliano hutamkwa k. Kwa hiyo «che» ni «ke», na «bruschetta» ni «bruskétta». Herufi g ikifuatwa na e au i hutamkwa j, kwa hiyo «gelato» ni «jelato», lakini gh ni g ya gari. Herufi gn hutamkwa ny, hivyo «gnocchi» ni «nyokki». Sc kabla ya e au i ni sh, hivyo «pesce», yaani samaki, ni «peshe». Gli inakaribiana na lyi, hivyo «aglio», yaani kitunguu saumu, ni «alyo». Herufi h haitamkwi kabisa.

Jambo moja linahitaji uangalifu, nalo ni konsonanti zinazoandikwa mara mbili. Aliyesoma Kurani madrasani anaijua shada, na hapa inamfaa, kwa kuwa sauti hiyo lazima ikazwe. «Penne» ni aina ya tambi. Ukiitamka n moja tu, utakuwa umeagiza kiungo cha siri cha mwanamume. Wahudumu wameshazoea kosa hilo, lakini meza za jirani huwa hazijazoea.

Nianze vipi ninapoingia mgahawani?

Anza kwa salamu. Mchana sema «Buongiorno», na kuanzia alasiri «Buonasera». Anayeingia na kuuliza meza bila kusalimu huonekana hana adabu, jambo ambalo halihitaji maelezo kwa msomaji wa Kiswahili. Kisha uliza: «Avete un tavolo per due?», yaani je, mna meza ya watu wawili? Idadi ikiwa nyingine, badilisha neno la mwisho: «tre» ni watatu, «quattro» ni wanne, «cinque» ni watano, «sei» ni sita. Kama uliweka nafasi mapema, sema «Ho prenotato a nome» kisha utaje jina lako.

Kumwita mhudumu, inua mkono kidogo na useme «Scusi» («skuzi»), ambayo ni namna ya heshima ya kusema samahani. Namna ya «scusa» ni ya marafiki na watoto, na haifai kutumiwa kwa mtu mzima usiyemjua.

Zingatia pia saa. Jikoni kwa kawaida hufanya kazi takriban saa sita na nusu hadi saa nane na nusu mchana, halafu kuanzia saa moja na nusu jioni. Ukifika saa kumi alasiri ukiwa na njaa, uliza «La cucina è aperta?», yaani jiko liko wazi? Mara nyingi utajibiwa «No, è chiusa», na hapo msaada wako ni baa au duka la pizza ya vipande. Katikati ya Agosti migahawa mingi hubandika tangazo la «chiuso per ferie», maana yake imefungwa kwa ajili ya likizo.

Menyu imepangwaje, na je, ni lazima niagize kila sehemu?

Kuna «antipasti», vyakula vidogo vya kutangulizia. «Primi», ambavyo ni tambi, wali wa risotto au supu. «Secondi», yaani nyama au samaki. «Contorni», mboga za kando. Na «dolci», vitamu vya mwisho. Si lazima kuagiza zote, na kuagiza sahani moja ya «primi» na maji ni jambo la kawaida kabisa. Mgeni asisahau kwamba nyama ya «secondi» huja peke yake: ukitaka viazi au mboga, utaviagiza na kuvilipia kando.

Nitaulizaje kilichomo ndani ya chakula?

Hapa ndipo penye uzito wote, na sentensi zinazohitajika hazifiki kumi. Onyesha jina kwenye menyu kwa kidole na uulize «Che cos'è questo?» («ke koze kwesto»), yaani hiki ni nini? Ukishapata maelezo, endelea: «Cosa c'è dentro?» («koza che dentro»), ndani kuna nini? Kisha ulenge kile unachokiogopa au kukichukia kwa «C'è…?» («che»), yaani je, kuna? Kwa mfano, «C'è formaggio?» ni je, kuna jibini, na «C'è peperoncino?» ni je, kuna pilipili kali. Kwa vitu vya wingi hutumika «Ci sono…?», kama katika «Ci sono uova?», je, kuna mayai?

Kwa namna ya mapishi tumia «È…?»: «È fritto?» kimekaangwa kwenye mafuta? «È crudo?» ni kibichi? «È piccante?» kina ukali wa pilipili? Na ukitaka kitu kiondolewe, neno ni «senza», yaani bila: «senza cipolla», bila kitunguu, «Si può fare senza formaggio?», inawezekana kutengenezwa bila jibini?

Ninapendekeza «Cosa c'è dentro?» itangulie maswali mengine yote. Mwenye kuuliza kama kuna kitu fulani hujibiwa ndiyo au hapana kwa haraka, na mhudumu mwenye shughuli nyingi anaweza kusahau kilichomo kwenye supu ya msingi, ile inayotumika kupikia vyakula vingine. Aliyeombwa kueleza hulazimika kufikiri, na mara nyingi husema «Un attimo, chiedo in cucina», subiri kidogo, nikaulize jikoni. Jibu hilo ni bora kuliko hapana ya papo kwa papo.

Sili nyama ya nguruwe. Nisemeje, na nijihadhari na vyakula gani?

Sentensi ya msingi ni «Non mangio carne di maiale» («non manjo karne di mayale»). Ukitaka kuieleza kwa dini, mwanamume husema «Sono musulmano» na mwanamke «Sono musulmana»; sifa hufuata jinsia ya msemaji, na asiyeona ajabu upatanisho wa ngeli hataona ajabu jambo hili. Lakini sentensi hiyo peke yake haitoshi. Wapo wahudumu wanaoelewa «carne» kuwa ni kipande cha nyama kinachoonekana, wasifikirie mafuta wala vipande vidogo vya kuongezea ladha. Ongeza basi: «nemmeno un po', nemmeno lo strutto», yaani hata kidogo, hata mafuta yake.

Neno «maiale» lenyewe ni nadra kuliona kwenye menyu, kwa sababu kila sehemu ya mnyama huyo ina jina lake. «Prosciutto» ni paja, «pancetta» ni tumbo, «guanciale» ni shavu, «lardo» ni mafuta ya mgongo yaliyowekwa chumvi, na «strutto» ni mafuta yaliyoyeyushwa. «Salame», «salsiccia», «mortadella», «speck», «porchetta» na «'nduja» ya Calabria zote kwa kawaida ni nguruwe. «Cinghiale» («chingyale»), inayopendwa sana Toscana na Umbria, ni nguruwe mwitu, na mara nyingi mhudumu huitaja kama nyama ya mawindo bila maelezo zaidi. Kwa upande mwingine, «bresaola» ya Valtellina, ingawa hukatwa vipande vyembamba kama «prosciutto», kwa asili ni ya ng'ombe. Na «peperoni» nchini Italia ni pilipili hoho. Zile soseji nyekundu za pizza ya Kimarekani ni jambo jingine.

Tukija kwenye vyakula vyenyewe, tambi tatu mashuhuri za Roma, yaani carbonara, amatriciana na gricia, zote hupikwa kwa «guanciale». Tortellini za Bologna hujazwa nyama ya nguruwe pamoja na prosciutto na mortadella. Mchuzi wa «ragù» hutajwa kama mchuzi wa nyama ya ng'ombe, lakini kwa desturi ya Bologna huanza kwa pancetta. Pizza ya «diavola» ina salame, na «capricciosa» ina prosciutto. Hata «pasta e fagioli», ambayo ni tambi na maharagwe, na supu ya mboga ya «minestrone», huenda zikaanzishwa kwa pancetta au lardo. Mikate nayo isisahaulike: «piadina» ya Romagna kwa asili hukandwa kwa strutto, na «gnocco fritto» ya Emilia vilevile, kwa hiyo swali la «C'è strutto nell'impasto?», je, kuna mafuta ya nguruwe kwenye kinyunga, lina maana kubwa katika mkoa huo.

Kitamu cha «panna cotta» hugandishwa kwa kitu kiitwacho «colla di pesce», ambacho kwa jina ni gundi ya samaki, lakini kinachouzwa madukani siku hizi mara nyingi hutokana na ngozi ya nguruwe. Hilo hata Waitaliano wengi hawalifikirii.

Mwenye njaa asiyetaka mjadala mrefu anaweza kuagiza pizza «margherita», yenye nyanya, jibini ya mozzarella na mrehani, au «marinara», ambayo licha ya jina lake la baharini haina samaki: ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni.

Na pombe ndani ya chakula?

Uliza «C'è vino nel sugo?», je, kuna divai kwenye mchuzi? au kwa vitamu, «C'è liquore nel dolce?». Maswali haya ni ya lazima kwa asiyetumia pombe, kwa sababu divai humwagwa kwenye sufuria ya risotto karibu kila mara, na pia kwenye ragù, kwenye nyama zilizopikwa taratibu na kwenye tambi za «vongole», yaani za chaza wadogo. Mhudumu atakuambia kwamba pombe yote huyeyuka motoni. Ikiwa maelezo hayo hayakutoshi, sema «Preferisco senza», napendelea bila. Risotto inayopikwa pale pale huweza kutengenezwa bila divai ukisema mapema, lakini ragù iliyokaa jikoni tangu asubuhi haibadiliki. Kati ya vitamu, «babà» huloweshwa kwenye ramu, «zuppa inglese» kwenye kileo chekundu cha alchermes, na tiramisù mara nyingi hutiwa marsala au kileo kingine. Neno «analcolico» kwenye orodha ya vinywaji lina maana ya kisicho na pombe.

Nitapataje nyama iliyochinjwa kwa njia halali?

Swali ni «La carne è halal?», na litamke «alal» ili ueleweke. Katika mgahawa wa kawaida wa Kiitaliano jibu litakuwa hapana. Mabucha na migahawa midogo ya halali hupatikana katika mitaa yenye wahamiaji wengi, kama Esquilino karibu na Piazza Vittorio mjini Roma, Porta Palazzo mjini Torino na Via Padova mjini Milano. Kwingineko, wengi hutegemea samaki na mboga, na kwa bahati nzuri Italia haina upungufu wa vyote viwili.

Sili nyama kabisa. Kuna nini kwa ajili yangu?

Vipo vingi kuliko utakavyoambiwa. Sema «Sono vegetariano» au «vegetariana». Asiyetumia hata maziwa na mayai atasema «vegano» au «vegana». Sisilia kuna «pasta alla Norma», yenye biringanya, nyanya na jibini ya ricotta iliyokaushwa, na mitaani Palermo huuzwa «panelle», vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa. Liguria ina «farinata», chapati ya unga huo huo iliyookwa. Popote pale unaweza kuomba «pasta al pomodoro» au «aglio, olio e peperoncino». Kaskazini utakutana na «polenta», ambayo ni ndugu wa ugali, laini zaidi ikiwa ya moto, na asiyekula nyama aulize imepakuliwa na nini, maana mara nyingi huja imefunikwa na mchuzi wa soseji.

Mitego ni miwili. Wa kwanza ni «acciughe» au «alici», samaki wadogo wa chumvi ambao huyeyuka kabisa kwenye mafuta, kama katika tambi za «orecchiette con le cime di rapa» za Puglia, uliza «Ci sono acciughe?». Wa pili ni supu ya msingi: «Il brodo è di carne o vegetale?», mchuzi huu ni wa nyama au wa mboga? Wanaojali chachu ya jibini, yaani kile kinachogandisha maziwa, wafahamu kwamba kanuni za Parmigiano Reggiano zinataka chachu itokanayo na tumbo la ndama, kwa hiyo neno la kutafuta kwenye jibini nyingine ni «caglio vegetale», chachu ya mimea.

Nina mzio wa baadhi ya vyakula. Sheria inanilinda?

Inakulinda kwa kiasi kikubwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika tarehe 13 Desemba 2014, inautaka kila mgahawa uweze kumwarifu mteja kuhusu makundi 14 ya vyakula vinavyosababisha mzio, yakiwemo nafaka zenye gluteni (protini iliyomo kwenye ngano na jamii yake), mayai, maziwa, samaki, kamba na jamii yake, karanga, lozi na jamii yake, soya, ufuta na haradali. Omba «Avete la lista degli allergeni?», mnayo orodha ya viambato vya mzio? Mara nyingi utaikuta mwishoni mwa menyu, na namba ndogo kando ya kila chakula.

Kwa mdomo, mwanamume husema «Sono allergico» na mwanamke «Sono allergica», kisha: «alle arachidi», kwa karanga; «alla frutta secca», kwa lozi, korosho, jozi na jamii yake; «al latte», kwa maziwa; «alle uova», kwa mayai; «ai crostacei», kwa kamba na kaa. Asiyeweza kula gluteni kwa sababu ya ugonjwa wa seliaki aseme «Sono celiaco» au «celiaca». Maneno haya yanajulikana sana Italia, na tambi za «senza glutine» hupatikana hata katika miji midogo.

Mwenye mzio wa karanga asitosheke na kuuliza kama zimo kwenye chakula. Mafuta ya karanga, «olio di arachide», hutumika sana kukaangia nchini humo, hivyo aulize pia: «In che olio friggete?», mnakaangia mafuta gani? Mchuzi wa pesto una mbegu za msonobari, na mortadella nyingine huwa na pistachio. Sentensi hizi ni afadhali uziandike kwenye karatasi na kumpa mhudumu aipeleke jikoni, kuliko kutegemea ulimi wako wa siku ya kwanza. Hali ikiwa mbaya, sema «Chiamate un'ambulanza». Namba ya dharura ni 112.

Nitajuaje kama samaki ni mbichi au aligandishwa?

Tazama menyu kwanza. Kinyota kidogo kando ya jina kwa kawaida huelekeza kwenye maelezo chini ya ukurasa, yakiwa na neno «surgelato» au «congelato», maana yake iliyogandishwa. Pasipo kinyota uliza «È fresco o congelato?». Samaki wa kuliwa bila kupikwa ni lazima kisheria wagandishwe kwanza ili kuua vimelea, na hapo utaona neno «abbattuto». Usilichukulie kuwa ni dosari.

Mzaliwa wa pwani hatapata shida na aina zenyewe: «polpo» ni pweza, «calamari» ni ngisi, «gamberi» ni kamba, «aragosta» ni kambakoche, «tonno» ni jodari. Samaki mzima akiletwa na hutaki kuhangaika na miiba, omba «Me lo può pulire?», na mhudumu atakuondolea mifupa mezani kwa ustadi. Ukiomba jibini ya kunyunyiza juu ya tambi za samaki utapewa, lakini uso wa aliyekupa utasema mengi.

«All'etto» kando ya bei ina maana gani?

Ina maana kwamba bei ni ya gramu 100, wala si ya sahani nzima. Watu wengi huumizwa na maneno haya mawili mafupi. Samaki wazima na nyama ya «bistecca alla fiorentina» huuzwa hivyo, na pande la fiorentina mara nyingi hupita kilo moja. Ukiona euro 5 «all'etto» na ukaletewa pande la kilo moja na robo, utalipa zaidi ya euro 60. Kabla ya kukubali uliza «Quanto pesa?», lina uzito gani? na «Quanto viene in tutto?», jumla itakuwa kiasi gani? Herufi «s.q.» nazo humaanisha bei hutegemea uzito. Mwenye mgahawa mwaminifu hukuletea samaki umwone na kumpima kabla hajapikwa, na kuomba hivyo si kumtilia mtu shaka.

Fiorentina kwa desturi huletwa ikiwa na damu ndani. Kwa nyama nyingine utaulizwa unataka iive kiasi gani: «al sangue» ni yenye damu, «media» ni ya wastani, «ben cotta» ni iliyoiva vizuri.

Nimetozwa «coperto» ambayo sikuiagiza. Nimeibiwa?

Hapana. Ni ada ya kukaa mezani, kwa kawaida kati ya euro 1 na 3 kwa kila mtu, na ni halali ilimradi imeandikwa kwenye menyu. Mkoa wa Lazio, uliko mji wa Roma, uliipiga marufuku kwa sheria yake ya mwaka 2006, na huko utakuta badala yake bei ya mkate, «pane». Ikiwa hutaki mkate, sema mapema «Senza pane, grazie». «Servizio» ni ada nyingine, ya asilimia ya bili, nayo huonekana zaidi katika maeneo ya watalii, uliza «Il servizio è incluso?». Bahashishi haidaiwi na mtu. Kuacha sarafu chache ni hiari yako.

Ninasafiri na watoto. Kuna maneno ya kunisaidia?

«Avete un seggiolone?» ni ombi la kiti kirefu cha mtoto, na «mezza porzione» ni nusu sahani. Mtoto anayekataa kila kitu huokolewa na «pasta in bianco», tambi zenye siagi au mafuta tu, ambazo jiko lolote hutengeneza hata kama hazimo kwenye menyu.

Je, kwenye baa ya kahawa mambo ni hayo hayo?

Baa ya Kiitaliano ni mahali pa kahawa, mikate na vitafunwa tangu alfajiri, na kuingia humo si lazima kuhusiane na ulevi. Kusimama «al banco», yaani kaunta, ni nafuu kuliko kukaa «al tavolo», na katika baa nyingi hulipwa kwanza kwenye «cassa», kisha risiti, «scontrino», hupelekwa kaunta. Ukiomba «latte» utapewa maziwa matupu. Kahawa ya maziwa ni «caffellatte» au «cappuccino». Asiyekunywa pombe ajihadhari na «caffè corretto», ambayo imetiwa kileo.

Nimeletewa kitu ambacho sikuagiza, au chakula kimepoa. Nifanye nini?

Sema kwa utulivu «Scusi, non ho ordinato questo», samahani, sikuagiza hiki, au «È freddo», kimepoa. Ukihisi kuna nyama usiyoila, weka uma chini na uulize «C'è maiale qui dentro?» kabla ya kuendelea.

Kwa nini hawaniletei bili?

Kwa sababu kukuletea bila kuombwa ni kama kukufukuza. Omba «Il conto, per favore». «Si può pagare con la carta?» ni swali la kadi, tangu tarehe 30 Juni 2022 mfanyabiashara anayekataa malipo ya kadi anaweza kutozwa faini, lakini mashine husemekana imeharibika mara nyingi kuliko inavyostahili, kwa hiyo fedha taslimu kidogo hazidhuru. Mkitaka kila mmoja alipe chake, ombeni «conti separati». Mkitaka kugawana sawasawa, hiyo huitwa «alla romana». Pakiwa na kosa sema «Mi scusi, c'è un errore nel conto». Mabaki ya chakula unaweza kuyabeba kwa kuuliza «Posso portarlo via?».

Nitaelewaje ninachojibiwa?

Majibu nayo hujirudia. «Sì, c'è un po' di…» ni ndiyo, kuna kidogo cha kitu fulani, na neno linalofuata ndilo la kusikiliza. «Si può togliere» ni kinaweza kuondolewa. «È già preparato» ni kimeshatengenezwa, hakibadiliki. «È finito» ni kimekwisha. Atakapouliza «Da bere?» anataka kujua utakunywa nini: maji ya kawaida ni «acqua naturale», ya gesi ni «frizzante». «Altro?» ni kuna kingine? nawe ujibu «Basta così, grazie». Ukipotezwa na kasi yake, «Più piano, per favore» humwomba aseme polepole.

Mimi ni mhudumu Malindi. Maneno haya yatanifaa?

Yatakufaa, ila utakuwa upande wa pili wa meza. Waitaliano wamekuwapo Malindi tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo chao cha kurushia satelaiti baharini karibu na mji huo, na leo Kiitaliano kinasikika sana huko, Watamu na hata Kiwengwa, Unguja. Mgeni akikaa, mwambie «Prego», kuchukua oda uliza «Cosa desidera?», unatamani nini? na ukiwa na zaidi ya mmoja mezani, «Cosa desiderate?». Kwa chakula kinachokuja sema «Arriva subito». Wageni hao watakuuliza kama samaki ni wa leo, nawe unaweza kujibu kwa ukweli «È di oggi», ni wa leo, au «È di ieri», ni wa jana. Watauliza pia kuhusu pilipili. Kwa wengi wao kiwango cha ukali wa pwani ni kikubwa, kwa hiyo «È molto piccante», ni kali sana, isemwe kabla ya sahani kufika mezani.